Shabaha na Amri: Mafunzo ya Bunduki kwa Askari Polisi katika Afrika Mashariki ya Kikoloni, 1889–1964

Tarehe 16 Machi 1922 askari polisi wa Nairobi waliufyatulia risasi umati uliokusanyika nje ya kituo chao kudai kuachiliwa kwa Harry Thuku, aliyekuwa amekamatwa siku mbili kabla. Hesabu ya serikali ilitaja watu 21 waliouawa, wanne kati yao wakiwa wanawake. Waafrika waliokuwapo walitoa hesabu kubwa zaidi, na Thuku mwenyewe aliirudia katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1970. Maelezo rasmi yalishikilia kwamba askari walianza kupiga bila kuamriwa. Tangu hapo tukio hilo limeelezwa mara nyingi kwa neno moja, yaani hofu: askari Waafrika waliingiwa na hofu, wakafyatua.

Insha hii inalipinga neno hilo. Madai yake si kwamba askari wale hawakuogopa. Mtu aliyezungukwa na maelfu ya watu wenye hasira ana kila sababu ya kuogopa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maelezo ya hofu yanamfanya askari kuwa chanzo cha jambo ambalo chanzo chake kilikuwa katika mafunzo. Polisi wa kikoloni hawakuwa watu wasiofundishwa bunduki. Walifundishwa, tena kwa bidii na kwa muda mrefu, ila walichofundishwa kilikusudiwa kazi nyingine. Bunduki ilifundishwa kama chombo cha kikosi kinachotii sauti ya ofisa. Haikufundishwa kama silaha ambayo mlinzi wa amani huamua mwenyewe kuitumia au kuiacha. Kwa sababu hiyo historia ya mafunzo haya haiwezi kuandikwa kwa kuhesabu risasi zilizolenga na zilizokosa. Ni lazima iulize shabaha ilikuwa mikononi mwa nani na amri ilikuwa mdomoni mwa nani, na mambo gani yalitokea kila viwili hivyo vilipotengana.

Ugumu wa kwanza wa utafiti wa aina hii ni vyanzo. Karibu yote yaliyoandikwa kuhusu askari na bunduki yake yaliandikwa na wakubwa wake. Ofisa aliandika ripoti, tume ikaandika taarifa, mstaafu akaandika kumbukumbu. Sauti ya askari hupatikana kwa nadra, mara nyingi katika ushahidi uliotolewa mbele ya tume, ambako alijua kwamba jibu lake lingeweza kumfukuzisha kazi. Hata hivyo lugha imehifadhi baadhi ya mambo ambayo majalada hayakuyahifadhi. Neno *afande*, ambalo hadi leo askari wa Tanzania na Kenya humwitia mkubwa wake, ni neno la Kituruki lililofika pwani yetu kupitia jeshi la Misri. Vyeo vya *ombasha* na *shaushi*, vilivyotumika katika majeshi ya Wajerumani, vilifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa kuuzima upinzani wa Abushiri bin Salim. Aliandikisha mjini Cairo mamia ya Wasudani waliokuwa askari wa Misri na waliobaki bila kazi baada ya Sudani kuangukia mikononi mwa wafuasi wa Mahdi, kisha akaongeza watu kutoka kusini mwa Msumbiji. Watu hawa walifika wakiwa wamekwisha kufundishwa. Mafunzo ya bunduki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani yalianza, kwa hiyo, kama mafunzo yaliyonunuliwa yakiwa tayari, na lugha yake ya utii ilinunuliwa pamoja nayo.

Silaha yenyewe ilikuwa bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, iliyochukua risasi moja kwa wakati na kutumia baruti nyeusi. Maelezo haya ya kiufundi yana uzito kuliko yanavyoonekana. Baruti nyeusi hutoa wingu la moshi linalomfichua mpigaji na kumziba macho. Katika hali hiyo ustadi wa mtu mmoja mmoja hauna faida kubwa. Faida iko katika kupiga kwa pamoja, kungoja, kupakia, na kupiga tena kwa amri. Mafunzo ya kupiga kwa mkupuo yalitokana na chombo. Yalifanya kazi pale tu ambapo kikosi kilipata nafasi ya kujipanga. Kule Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, nafasi hiyo haikupatikana. Msafara wa Emil von Zelewski ulivamiwa na Wahehe ukiwa umejipanga mstari mrefu njiani, na taarifa za manusura zinaeleza kuwa askari wengi walipiga risasi moja au mbili tu kabla ya kufikiwa na mikuki. Zelewski aliuawa na mamia ya bunduki yakachukuliwa na watu wa Mkwawa. Wajerumani waliyatazama maafa hayo kama kosa la uongozi wa msafara. Jambo ambalo hawakulitilia maanani ni kwamba askari aliyefundishwa kupiga kwa sauti ya mwingine hukosa la kufanya sauti hiyo inaponyamaza.

Kufikia mwaka 1914 koloni lilikuwa na jeshi lenye askari zaidi ya 2,500 na polisi zaidi ya 2,100, wengi wao wakiwa wanajeshi wa zamani waliohamia chini ya wakuu wa wilaya wa kiraia. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewasili Januari mwaka huo, alilalamika katika kumbukumbu zake kuwa polisi walikuwa wakiongezwa kwa hasara ya jeshi, na kwamba kundi la namna hiyo kwa asili yake lisingeweza kuwa zaidi ya mfano mbovu wa jeshi. Lalamiko lake limenukuliwa mara nyingi kama ushahidi wa udhaifu wa polisi. Lakini tukiligeuza, linatufundisha kitu kingine: hakuna mtu katika mabishano hayo aliyeuliza kama polisi alihitaji kuwa mfano wa jeshi, mbovu au mzuri. Kipimo kilikuwa kimoja. Askari wa boma aliyekusanya kodi, kulinda wafungwa na kuwapeleka watu kwenye kazi za shokoa alipimwa kwa vita ambavyo hakuandikishwa kupigana.

Upande wa Waingereza mambo yalikuwa na mpangilio zaidi, na mpangilio huo ulitoka Ireland. Polisi wa London walijulikana kwa kutembea bila bunduki. Polisi wa Ireland walikaa kambini, wakabeba karabini, na wakatawala nchi ambayo sehemu kubwa ya watu wake haikuwataka. Huo wa pili ndio uliosafirishwa kwenda makoloni. Kuanzia mwaka 1907 maofisa wa polisi wa makoloni walipelekwa kwenye chuo cha kikosi hicho katika Phoenix Park, Dublin, na baada ya kikosi kuvunjwa mwaka 1922 mafunzo yaliendelezwa Newtownards, Ireland ya Kaskazini. Polisi wa Tanganyika, walioundwa mwaka 1919 wakiwa na makao makuu Lushoto, walizaliwa ndani ya mapokeo hayo.

Katika mapokeo hayo kulikuwa na hofu ya aina nyingine, nayo ilikuwa ya mtawala. Baada ya maasi ya mwaka 1857 India, Waingereza walichukua tahadhari ya kutowapa polisi wenyeji silaha sawa na za jeshi. Kwa miongo mingi polisi wengi wa India walibeba bunduki zenye mtutu laini, usiochongwa mikato ya ndani inayoizungusha risasi na kuifanya iende mbali kwa unyofu. Zilitosha kutawanya watu walio karibu, hazikutosha kupigana na kikosi cha jeshi. Ireland nako, mwanzoni mwa miaka ya 1880, polisi walipewa risasi za chembechembe kwa madai kuwa zilikuwa za huruma kuliko risasi moja nzito. Waziri aliyehusishwa na uamuzi huo, W. E. Forster, alibandikwa jina la utani la risasi hizo hadi kufa kwake, jambo linaloonyesha jinsi Waayalandi walivyoipokea huruma hiyo. Kwa ufupi, swali la askari apewe chombo gani, na afundishwe kukitumia kwa umbali gani, lilikuwa pia swali la ni kwa kiasi gani mtawala alimwamini mtu aliyemkabidhi chombo hicho.

Bunduki iliyokuja kuwa ya kawaida katika vikosi vya Kiingereza, ile ya inchi .303 aina ya Lee-Enfield, ilivunja uwiano huo. Ilibeba risasi kumi, haikutoa moshi mwingi, na risasi yake iliweza kuua kwa umbali wa zaidi ya mita 1,000. Ikipigwa kwa karibu, ina nguvu ya kupenya mwili mmoja na kumfikia aliye nyuma. Ilikuwa silaha ya uwanja wa vita. Kuruta aliyeipokea alianza na kwata: kuibeba begani, kuishusha, kutoa heshima nayo, kuisafisha mpaka mtutu ung'ae. Baadaye alifundishwa kulala kifudifudi, kupiga magoti na kusimama, kulinganisha alama ya mbele na ya nyuma, kubana pumzi, na kuvuta kifyatulio taratibu bila kukikwatua. Sehemu kubwa ya mazoezi ilifanywa bila risasi hai, kwa kuwa risasi ziligharimu fedha na kila moja ilipaswa kuhesabiwa. Mwishowe alipelekwa kwenye uwanja wa shabaha kupiga ubao uliosimama tuli umbali wa yadi 100 au 200.

Ni vyema kusimama kidogo mbele ya ubao huo. Haukuwa na uso, haukupiga kelele, haukusogea, na nyuma yake palikuwa na kilima cha udongo cha kupokea risasi zilizopita. Askari hakuulizwa kamwe kama ubao ulistahili kupigwa. Swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa na mtu aliyesimama nyuma yake. Alichoulizwa ni kama aliupiga.

Kuhusu umati wa watu, mafunzo ya Kiingereza yaliendeleza utaratibu uliokomaa katika miaka ya 1930 na 1940. Kikosi kilijipanga kwa sehemu: wenye virungu, wenye moshi wa kutoa machozi, na nyuma yao wenye bunduki. Tarumbeta ilipigwa, bango la kuwataka watu watawanyike likainuliwa, hakimu au ofisa akatoa onyo. Ikiwa onyo halikutiiwa, ofisa alimtaja askari wa kupiga, idadi ya risasi na mtu wa kulengwa. Kupiga hewani juu ya vichwa kulikatazwa, kwa sababu risasi ingeangukia wasiohusika na kuwatia moyo waliobaki. Baada ya tukio maganda ya risasi yaliokotwa na kuhesabiwa. Ukiusoma utaratibu huu kwenye karatasi, unaonekana kuwa wa busara, na kwa kiasi fulani ulikuwa hivyo, kwani ulilenga kupunguza idadi ya risasi. Lakini unategemea jambo moja ambalo ghasia huliondoa kwanza, yaani uwezekano wa sauti ya mtu mmoja kusikika.

Tukirudi Nairobi, tunaona mafunzo hayo yakiwa bado hayana hata ulinzi wa utaratibu huo. Umati ulikuwa wa maelfu. Ujumbe wake ulikuwa umekwenda kuonana na Charles Bowring, aliyeshikilia madaraka ya juu ya serikali siku hiyo, ukarudi na kuwaomba watu waondoke. Baadhi walianza kuondoka. Hapo ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipowasuta wanaume waliokuwa wakirudi nyuma, na umati ukasogea tena kuelekea mlangoni. Askari walikuwa wamesimama na bunduki mbele ya watu waliokuwa hatua chache tu kutoka kwao. Umbali wa uwanja wa shabaha ulikuwa umefutika. Kilima cha udongo hakikuwapo. Nyuma ya mtu wa kwanza alisimama wa pili na wa tatu. Risasi ya kwanza ilipolia, wenzake walifanya jambo ambalo mwili uliofundishwa kupiga kwa mkupuo hulifanya ukisikia bunduki ya jirani. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Maelezo kwamba walipiga bila amri, basi, ni ya kweli na yanapotosha kwa wakati mmoja. Ni ya kweli kwa kuwa hakuna ofisa aliyekiri kuitoa amri. Yanapotosha kwa sababu yanachukulia kwamba askari alikuwa na uwezo wa tatu kati ya kupiga na kuamriwa, yaani uwezo wa kuhukumu, na kwamba uwezo huo ulimtoka kwa woga. Uwezo huo hakuwahi kupewa. Aidha, palikuwa na madai kwamba Wazungu waliokuwa kwenye varanda ya hoteli ya Norfolk, karibu na hapo, nao walipiga risasi. Thuku aliyasisitiza madai hayo. Ikiwa yalikuwa ya kweli, watu wale hawakuwa na kwata wala amri ya kujitetea nayo, lakini neno hofu halikuandikwa kwa ajili yao.

Mfumo huohuo wa mafunzo ulizaa tukio la kinyume huko Gold Coast. Tarehe 28 Februari 1948 maandamano ya wanajeshi waliopigana Vita Kuu ya Pili yalielekea kwenye ngome ya Christiansborg, Accra. Msimamizi wa polisi Colin Imray, akiwa na askari wachache, aliamuru kupigwa risasi na askari wake hawakupiga. Alimnyang'anya bunduki askari aliyekuwa karibu naye, akapiga mwenyewe, na wanajeshi wastaafu watatu wakauawa. Nairobi shabaha ilikwenda bila amri. Accra amri ilikwenda bila shabaha. Baadaye ilielezwa kuwa kelele ziliwazuia askari kusikia. Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba walisikia, wakawatazama wazee wenzao wenye medali, wakaamua. Nyaraka zina neno la heshima kwa ofisa aliyepiga na hazina neno lolote kwa askari ambaye hakupiga, isipokuwa kwamba hakusikia. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Novemba 1949, polisi walipiga risasi kwenye bonde la Iva huko Enugu, Nigeria, na wachimba makaa ya mawe 21 wakafa. Tume ya Fitzgerald iliuelekeza uchunguzi wake kwa ofisa aliyesimamia na kuliona kosa kuwa la uamuzi wake. Kwa mara nyingine mafunzo yenyewe hayakuwekwa kizimbani.

Zanzibar inatoa mfano wa tatu, nao ni mgumu zaidi kwa mtawala yeyote. Visiwa havikuwa na jeshi. Polisi ndio waliokuwa kikosi pekee chenye silaha, na kwa muda mrefu Waingereza walikuwa wameandikisha humo watu wengi kutoka bara, kwa kanuni yao ya kawaida kwamba mgeni humlinda mgeni bila kuingia katika ugomvi wa wenyeji. Ghasia za uchaguzi za Juni 1961, zilizoua watu 68, zilionyesha kwamba kikosi hicho hakikutosha. Ilibidi askari waletwe kutoka ng'ambo ya bahari. Baada ya uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963, serikali ya Mohammed Shamte iliwaachisha kazi polisi wa asili ya bara, ambao haikuwaamini. Walinyang'anywa sare na bunduki, lakini wengi walibaki mjini, bila ajira na bila nauli ya kurudi makwao.

Uamuzi huo ulitokana na imani kwamba nguvu ya polisi imo katika silaha, na silaha ikifungiwa ghalani nguvu nayo imefungiwa. Lakini kuna kitu kimoja ambacho ghala haliwezi kukifungia. Mtu aliyekwisha kufundishwa kulenga, kupakia na kufyatua hubaki na ujuzi huo mwilini, pamoja na kujua ghala liko wapi, mlinzi hubadilishwa saa ngapi na usiku askari wangapi hulala bila silaha. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 watu wenye mapanga, marungu na mishale walizivamia kambi za polisi za Ziwani na Mtoni. Kilichotafutwa kilikuwa ghala. Lilipovunjwa, bunduki ziliingia katika mikono ambayo baadhi yake ilikuwa imezizoea kwa miaka. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu nafasi ya John Okello, ya Chama cha Afro-Shirazi na ya vijana wa Umma Party katika kuyapanga mapinduzi. Insha hii haidai kuumaliza ubishi huo. Katika jambo hili moja, hata hivyo, simulizi zinazopingana zinakaribiana: polisi walioachishwa walikuwamo miongoni mwa wavamizi. Kituo cha Malindi kiliendelea kustahimili kwa saa kadhaa baada ya kambi kuanguka, kisha nacho kikaachwa. Kikosi kilichofundishwa kulinda dola kwa amri ya ofisa kilisambaratika kabla jua halijawa utosini. Silaha zake, na sehemu ya watu waliokuwa wake, zikaendelea na kazi upande wa pili.

Siku chache baadaye Tanganyika ilipeleka Zanzibar polisi wapatao 300 kumsaidia Abeid Karume kurudisha utulivu. Walikuwa huko tarehe 20 Januari, wakati wanajeshi wa kambi ya Colito walipoasi na kuingia Dar es Salaam, na mji mkuu ukakutwa na polisi pungufu. Serikali ililazimika kuomba msaada wa wanamaji wa Uingereza, waliotua tarehe 25. Kutokana na siku hizo tano uongozi wa Tanganyika ulifikia hitimisho tofauti na lile la Shamte. Jeshi la zamani lilivunjwa, likaundwa jipya kutoka kwa vijana wa chama na wa Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukaagiza kuundwa kwa mgambo wa wananchi. Mkulima na karani walisimamishwa mbele ya ubao uleule wa shabaha, na aliyesimama nyuma yao kutoa amri alikuwa sasa mtu wa chama.